Jembe lisiwe fimbo: tufungulie wanafunzi mashamba yetu



Kwenye masomo mengi ya msingi ya huku kwetu Kivu, mtoto akichelewa asubuhi anapewa jembe. Akipiga kelele ndani ya klasi, jembe. Akisahau kaye yake nyumbani, anaonyeshwa kipande cha uwanja na kuambiwa: «Lima toka hapa mpaka pale.» Wenzake wako ndani wanasoma, yeye iko nje analima. Inaendelea hivyo miaka sita, toka klasi ya 1 mpaka klasi ya 6, kiisha tunashangaa kijana akituambia kwamba udongo ni kazi ya mtu aliyeshindwa na maisha. Tushangae nini? Ndivyo alivyofundishwa, na somo hilo alilishika kuliko hesabu.

Sisi tunaozunguka kila sezoni kwenye mashamba yenu tuko na ombi moja. Kila koperative itoe kona ya shamba na wanachama wawili ao watatu, nusu ya asubuhi moja kwa mwezi, kwa ajili ya masomo ya msingi yaliyo karibu. Kile mwalimu anachoandika kwenye tablo, watoto waende kukiona mlimani, wakipime kwa mikono yao, warudi klasini wakiandike. Tunasema mwezi huu wa saba kwa sababu watoto wako likizo na sezoni A inakuja. Mwezi wa kenda, mwaka wa masomo na mvua vinaanza pamoja, na nafasi hiyo tunaipoteza kila mwaka.

Somo lenyewe liko tayari. Kwenye programu ya masomo ya msingi kuna étude du milieu, na ndani yake kuna udongo, maji, mimea, nyama na hali ya hewa. Lakini tazameni jinsi linavyofundishwa. Mwalimu anaandika: «Mmomonyoko ni hali ya udongo kubebwa na maji ao upepo.» Watoto wanakopi. Siku ya mtihani wanairudisha ile sentensi bila kosa, na mwalimu anatoa 10 juu ya 10. Nyuma ya ukuta wa masomo kuna bonde lililokatika, linaloongezeka kila mwezi wa nne, na hakuna hata mara moja klasi hiyo ilisimama pembeni yake kujiuliza udongo ule ulienda wapi.

Hatuandiki hivi ili kuwalaumu walimu. Tangu mwezi wa kenda 2019, serikali ilipotangaza kwamba masomo ya msingi ni bure, watoto waliokuwa wanabaki nyumbani waliingia, na ni vizuri sana waliingia. Ila klasi zilijaa. Mwalimu mmoja iko na watoto 60, wakati mwingine zaidi, kitabu kimoja, na mshahara unaokuja siku inayotaka wenyewe. Mtu huyo ukimwambia «toka nao mlimani», anakuangalia tu. Akiwatoa peke yake, wa mbele watakuwa wamefika kwenye mto na wa nyuma watakuwa kwenye miembe ya jirani. Hapo ndipo koperative inaingia. Klasi ya watoto 60 ikigawanyika kwa vikundi vitatu, na kila kikundi kikapata mwanachama mmoja anayejua shamba lake, mwalimu anapata nafasi ya kufundisha badala ya kuchunga.

Kuna upande wa pili ambao pia haufai, nao ni kutoka nje bila somo. Tarehe 5 Desemba ni siku ya taifa ya mti. Tunaijua vizuri: watoto wanapangwa mustari tangu saa mbili, wakubwa wanakuja na magari, hotuba, picha, kila mtoto anashika mche na kuuchomeka kwenye shimo lililochimbwa na mtu mwingine. Saa sita kila mtu ameenda kwake. Hakuna aliyemwambia mtoto ule mti unaitwa nani, kwa nini umewekwa pale, mbuzi watazuiwa na nani, wala maji yatatoka wapi mwezi wa saba. Kama unataka kujua siku ile ilileta nini, usihesabu miti tarehe 5 Desemba. Hesabu mwezi wa kenda unaofuata, ile iliyopita ukiangazi ikiwa bado na majani. Sisi tungependa watoto wenyewe wapewe kazi hiyo ya kuhesabu, na waiandike kwa karatasi kubwa iliyobandikwa klasini, hata kama jibu litaleta haya kwa wakubwa.

Klasini peke yake, hapana. Mlimani peke yake, hapana. Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho, ili mtu asiseme haya ni maneno ya semina.

Mfano ni ile pembetatu ya A ambayo monitere wa kilimo anatumia kupata mistari ya mitaro. Wengi wenu muko nayo nyumbani, imeegemea ukuta. Miti miwili ya karibu metre 2 inafungwa juu, mti wa tatu unafungwa katikati kama mkanda, na kamba yenye jiwe inaning'inia kutoka juu. Ni vitu vya bure. Sasa fikirieni mwalimu wa klasi ya 5 anayefundisha pembetatu yenye pande mbili sawa. Badala ya kuichora tu kwa tablo, watoto wanaitengeneza kwenye uwanja. Wanasimamisha miguu yake juu ya alama mbili na kuandika mahali kamba inapokata mkanda. Wanaigeuza, mguu wa kushoto unaenda mahali pa mguu wa kuume, wanaandika tena. Katikati ya alama hizo mbili ndipo pa usawa. Hapo mtoto amejifunza katikati ya kitu, amejifunza uzito wa jiwe unavyovuta kamba wima, na bado hajatoka kwenye uwanja.

Siku inayofuata wanapanda kwenye shamba la mwanachama. Mguu mmoja wa pembetatu unakaa, mwingine unatafuta juu na chini mpaka kamba iguse alama ya katikati. Wanachoma kijiti. Wanasogea. Kijiti kingine. Baada ya vijiti 20 watoto wanarudi nyuma kuangalia, na karibu kila mara wanasema neno moja: «Mwalimu, tulipotea! Mustari umepinda!» Walikuwa wanangojea mustari ulionyooka kama wa kaye. Ni pale mwenye shamba anapowaeleza kwamba mlima haukunyooka, na maji hayajui kaye. Anayelima mistari inayoshuka moja kwa moja toka juu mpaka chini anatengenezea maji barabara. Mtoto aliyesema mustari umepinda hatasahau. Akikuta baba yake analima kwa kushuka, ataona kitu ambacho zamani alikuwa anapita juu yake bila kukiona.

Kiisha kwenye mustari ule mtaro unachimbwa na watu wakubwa, na juu ya ukingo wake watoto wanapanda setaria ao tripsacum, na kalliandra. Mwanachama awaambie faida bila kuficha: majani ya kalliandra mbuzi wanakula, maua nyuki wanapenda, na miti yake inasimamisha maharagi ya kupanda. Mtu yeyote wa huku anajua taabu ya kutafuta vijiti vya maharagi, na ni misitu mingapi midogo imekwisha juu ya vijiti hivyo. Mwezi unaofuata wanarudi na mti waliouchora alama za santimetre, wanapima udongo uliosimama nyuma ya majani. Wanarudi klasini, wanachora. Kila mwezi nukta moja kwa karatasi. Somo hilo halijakwisha kwa siku moja, na ndiyo maana litabaki.

Hesabu ya mvua nayo ni tamu, msiiache. Chukueni kopo la maziwa lenye ukuta ulionyooka, muliweke mahali pa wazi mbali na miti, na kila asubuhi mtoto mmoja apime kwa rula. Milimita 1 ya mvua juu ya metre kare 1 ni litri 1 ya maji. Basi klasi ya 6 ipige hesabu: mvua ya milimita 40 ikianguka mchana mmoja juu ya shamba la ari 10, ni litri ngapi? Ni litri 40.000. Ni bido 2.000 za litri 20. Watoto hawa wanabeba bido, wanajua uzito wake shingoni. Waulizeni: bido 2.000 zikimwagwa kwa saa mbili juu ya shamba la mama lenye udongo mtupu, zitaondoka na nini? Hakuna sentensi ya tablo inayoweza kufanya kazi ya swali hilo.

Na siyo hesabu ya kucheza. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, siku ya soko la Nyamukubi, mito ya Kalehe ilishuka na mawe na miti juu ya Nyamukubi na Bushushu. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Kulikuwa watoto waliokuwa wametoka masomo. Tusidanganye mtu: mvua ilikuwa kubwa, mlima ni mkali, nyumba zilikuwa zimejengwa kwenye njia ya maji, na mitaro ya shamba moja moja haingesimamisha mto wa siku ile. Lakini mlima uliovuliwa nguo unapeleka maji chini haraka kuliko mlima uliovaa, na mtoto anayejua kusoma mlima anaweza kumuuliza baba yake, siku wanatafuta kiwanja: «Baba, hapa si njia ya maji?» Swali hilo tu, tunalitaka litoke kwenye masomo yetu. Kuna familia za Kalehe ambazo zingelipa chochote ili mtu awe ameliuliza.

Kuhusu mnyauko wa migomba tutasema kwa ufupi, kwa sababu gazeti hili limeusema mara nyingi. Ugonjwa ule uliingia kwetu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mpaka leo unatembea na panga. Mtoto wa miaka kumi ndiye anayetumwa kukata majani ya kufungia mizigo, ya kufunika kitu, ya kulisha mbuzi. Anakata mgomba mgonjwa, anaenda kukata mzima kwa panga ile ile. Klasini afundishwe vijidudu ni nini, shambani aonyeshwe na mwenye shamba: majani yanayonyauka yakiwa ya manjano, ndizi zinazoiva kabla ya wakati na ndani zimeoza rangi ya kahawia, maji mazito ya manjano yanayotoka shina likikatwa. Aone jinsi ua la mwisho linavunjwa kwa mti wenye panda, bila panga, na jinsi panga inapitishwa motoni. Aone kwa macho tu, asiguse. Tunaamini dakika kumi hizo zingelinda migomba kuliko mabango yote tuliyoyabandika.

Sasa tuje kwa mapingamizi, kwa sababu tumeyasikia, na mengine yana haki.

La kwanza ni la wazazi. Mama mmoja alituambia bila kuzunguka: «Mutoto nilimutuma ku masomo asome. Jembe iko hapa kwetu, hata bila mwalimu atalima.» Yeye haogopi mazingira, anaogopa mtoto wake kulimishwa. Na iko na sababu. Kila mtu anajua walimu na wakubwa wa masomo waliojilimia mashamba kwa mikono ya watoto, wakiita «kazi ya mikono». Koperative nayo inaweza kuingia kwenye jaribu hilo: watoto 60, kahawa imeiva, ni nani atakataa? Sisi tunasema ikatazwe wazi, na iandikwe. Hakuna mtoto kuvuna kahawa ya mwanachama, kubeba mbolea wala kupalilia shamba la mtu. Kazi ya mikono isipite nusu saa, iwe kwenye kile kipande kilichotolewa kwa ajili yao, na mavuno ya kipande hicho yawe ya watoto: wayapike masomoni ao wayauze na kununua kaye, komite ya wazazi ikiona feza. Na jembe kama adhabu likome. Hili hatuliombi kwa nusu. Koperative isitoe shamba lake kwa masomo ambayo bado yanaadhibu kwa jembe, kwa sababu asubuhi moja ya mwezi haiwezi kushinda adhabu ya kila siku.

La pili ni la wanachama wenyewe: «Feza za koperative ni za kahawa, siyo za masomo.» Tunawauliza, ni feza gani? Tumeomba kona ya shamba, muda, na maneno ya mtu anayejua. Anayelipa ni yule mwanachama anayepoteza nusu ya asubuhi, na huyo koperative inaweza kumhesabia kama siku ya salongo. Kuhusu kahawa, tazameni umri wa wale mnaokaa nao kwenye mkutano mkuu. Mtoto wa klasi ya 5 leo, baada ya miaka kumi ndiye atakayegawiwa kipande cha shamba lile, kidogo kuliko chenu, kwenye mteremko ule ule, na udongo utakaokuwa umebaki. Ama atakuwa ameenda kuchimba kwenye karere ya madini, na kahawa atakayoivuna ni nani?

La tatu ni usalama, na hapo hatubishani. Mahali penye wasiwasi, hakuna kutoka. Direkta aulize chefu wa kijiji asubuhi ile ile, siyo wiki iliyopita. Hakuna kuvuka mto baada ya mvua. Shamba liwe mwendo wa miguu usiozidi dakika ishirini, wazazi wajulishwe, na watoto waambiwe kabla ya kutoka kwamba kitu cha chuma wasichokijua hakiguswi, hakipigwi teke, kinaachwa na mtu mkubwa anaitwa. Tunasikitika kuandika hayo kwenye gazeti la kilimo, lakini ndiyo inchi tuliyo nayo.

Wengine wanapenda kusema: basi tuwapeleke watoto kwenye parke. Parke ni kitu kikubwa. Virunga ilianzishwa 1925, ndiyo ya kwanza ya Afrika. Kahuzi-Biega ni ya 1970, na gorila zake zinajulikana dunia nzima. Mtoto wa Kivu akizeeka bila kuziona ni aibu yetu. Ila gari, mafuta, kiingilio na chakula kwa klasi moja ni feza ambazo masomo ya kijiji hayana, na safari inayokuja mara moja, kwa wachache waliochaguliwa, inamfundisha mtoto kwamba mazingira yako mbali, ni ya nyama wakubwa na wazungu wenye kamera. Kando ya Kahuzi-Biega kuna jambo jingine la kusema na watoto kwa ukweli: wako Batwa ambao familia zao zilitolewa ndani ya msitu huo miaka ya 1970, na watoto wao wanakaa kwenye benchi moja na wetu. Mwalimu anayesifu msitu mbele yao awe na heshima. Kwanza tujue bonde la nyuma ya masomo. Siku gari ikipatikana, gorila watatukuta tayari.

Kitu kimoja tulikiona kwenye masomo mawili yaliyojaribu, na hatukukitegemea: majina. Mwalimu alikuwa anajua mmea kwa kifaransa cha kitabu, watoto wengine walikuwa wanaujua kwa kiswahili, na bibi mwenye shamba aliujua kwa mashi, pamoja na ugonjwa unaoponya na udongo unaopenda. Walianza kuandika kwenye kaye safu tatu, lugha tatu, na safu ya nne ya matumizi. Mmea ambao hakuna mtoto aliyeujua jina kwa lugha yoyote uliwekewa alama. Alama zilikuwa nyingi. Bibi yule, ambaye hajui kusoma, aliitwa tena klasini mara ya pili, akasimama mbele ya tablo na watoto wakamsimamia kumsalimu kama wanavyomsimamia inspekta. Kwetu, mtoto hafundishi mzazi, na hatutaki kuvunja hiyo. Mtoto akirudi nyumbani na kusema «baba, unalima vibaya», atapigwa, na baba ataendelea kulima vilevile. Lakini akirudi na kusema «Mzee fulani wa koperative alituonyesha hivi», baba anaweza kwenda kumuuliza mzee fulani.

Basi kwa mkutano wenu wa mwezi wa nane, tunaomba iwekwe mustari mmoja kwenye ajenda. Mupange kipande gani, wanachama gani watatu, na asubuhi gani ya mwezi. Chagueni angalau mwanamke mmoja kati ya hao watatu, maana mashamba mengi ya chakula ni yeye anayeyajua. Mwende kwa direkta kabla masomo hayajafunguliwa, siyo baada, kwa sababu akishapanga saa zake hatazibadilisha. Mbegu za kalliandra na za setaria tuko nazo kidogo kwenye depo; atakayekuja na barua iliyosainiwa na koperative, direkta na komite ya wazazi, yenye lile katazo la kulimisha watoto limeandikwa wazi, atapewa. Bila katazo hilo ndani ya barua, hatutoi.